Selfu ndani ya mota au nje kwenye kabati: joto lipitie wapi?

Katika karakana za umeme za Lubumbashi kuna hoja inayozuka karibu kila mara mteja anapoleta mota iliyoungua pamoja na variateri yake, yaani kifaa cha umeme kinachobadili kasi ya mota. Koili ya kulainisha mkondo, ambayo mafundi wetu huiita selfu kwa desturi ya Kifaransa cha viwandani, ikae wapi? Je, ifungwe ndani ya nyumba ya mota na ipozwe na hewa au maji yaleyale yanayoipoza mota, au ibaki nje, kwenye kabati la umeme, ikipozwa kivyake? Wabunifu wa mashine mpya wanavutwa kuiweka ndani, hasa katika magari ya umeme na katika mota ndogo zinazouzwa zikiwa zimebebeshwa variateri mgongoni. Wanaozifungua mashine hizo zikishakufa hunung'unika. Nakiri mapema kwamba naegemea upande wa wanaonung'unika, ingawa si kwa sababu zote wanazozitoa.

Kwanza tujue joto linatoka wapi. Variateri huukata umeme vipande vipande mara elfu kadhaa kwa sekunde, na kazi ya selfu ni kuvilainisha vipande hivyo ili mkondo unaopita usiwe na meno makali. Kazi hiyo huzalisha joto mahali pawili. La kwanza ni la waya wa shaba, na hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. La pili ni la kiini chenyewe, yaani chuma, unga wa chuma au feraiti (kauri yenye sumaku), ambacho sumaku yake hugeuzwageuzwa bila kupumzika. Zaidi ya hapo, shaba ina tabia ya kujichochea. Ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi, kwa hiyo koili iliyofika nyuzi 120 ina ukinzani unaozidi ule wa nyuzi 20 kwa karibu asilimia 39, na kwa mkondo uleule hutoa joto zaidi kwa kiasi hichohicho. Vihami, yaani vifuniko vya waya vinavyozuia umeme usivuke, vya daraja F vimekadiriwa kuvumilia nyuzi 155, na vya daraja H nyuzi 180. Kanuni ya zamani ya mafundi, kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa kihami kwa nusu, si sheria ya maumbile, lakini aliyewahi kusuka mota kwa miaka kadhaa hatabishana nayo sana.

Wanaotaka selfu iingie ndani wanaanza na hoja ya njia ya joto, na hoja hiyo ina nguvu. Uwezo wa shaba kupitisha joto ni karibu wati 400 kwa mita kwa nyuzi moja, wa alumini ni karibu nusu ya huo, na wa hewa iliyotulia ni wati 0.026 tu. Koili iliyoning'inizwa katikati ya kabati imezungukwa na kitu kinachopitisha joto vibaya mno, na hutegemea feni iipepee. Koili hiyohiyo ikishindiliwa ndani ya kijishimo kilichochongwa kwenye ukuta wa alumini wa mota, na nafasi iliyobaki ikajazwa resini yenye unga wa madini, ambayo hupitisha wati 1 hadi 3, joto hupata barabara hadi kwenye mapezi ya mota, yaani mbavu zake za nje za kutolea joto, au kwenye mfereji wa maji. Maji nayo hayana mshindani hapa: kilo moja hubeba takriban mara nne ya joto linalobebwa na kilo moja ya hewa, tena kilo hiyo ya maji ni lita moja tu. Kwa hiyo selfu iliyoegemea ukuta uliopozwa kwa maji inaweza kufanywa ndogo zaidi kuliko ile ya kabatini kwa kazi ileile.

Upande huo pia umejifunza kuupanga mzunguko wa maji kwa akili. Maji yenye ubaridi zaidi hupewa transista za variateri, ambazo ndizo zenye uvumilivu mdogo, kisha yanapita kwenye selfu, na mwisho kwenye koili za mota, ambazo kwa kihami cha daraja H hazilalamiki haraka. Wapo waliokwenda mbali zaidi na kuiondoa selfu kabisa. Renault, katika gari lake la Zoe la mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilizitumia koili za mota yenyewe kama selfu za chaja, na chaja hiyo iliweza kupokea hadi kilowati 43 za umeme wa fezi tatu. Gari likisimama, mota haina kazi. Kwa nini shaba yake ikae bure? Ni wazo la kupendeza, nami sina la kulipinga katika gari, ambamo kila kilo ina bei yake na maji ya kupozea yapo tayari.

Hata hivyo, namna ya kuifunga selfu ndani ya mashine ina mitego ambayo michoro mizuri haiionyeshi. Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja kutazama selfu ya mviringo, ile yenye umbo la mkate wa tundu, iliyokuwa ikifuka moshi ilhali mkondo wake ulikuwa wa kawaida. Fundi alikuwa ameikaza vizuri sana: boliti nene ya chuma katikati ya tundu, bamba la chuma juu, na kwa kuhofia mtikisiko akaongeza kipande cha bati kutoka ukingo wa bamba hilo hadi kwenye nyumba ya mota. Bila kujua, alikuwa ametengeneza duara lililokamilika la metali kupitia tundu la kiini, yaani mzunguko mmoja wa ziada uliounganishwa ncha kwa ncha. Umeme ukazunguka humo na kugeuka joto. Tuliondoa bati, tukaweka bamba la plastiki ngumu, na moshi ukaisha. Viini vyenye pengo la hewa vina ubaya wao pia, kwa kuwa sumaku hutawanyika kando ya pengo na kuchemsha metali yoyote iliyo karibu. Ndani ya mota karibu kila kitu ni metali, na kila kitu kiko karibu.

Kisha lipo suala la kiini kushiba, yaani kufika mahali kisipoweza kubeba sumaku zaidi. Feraiti ya kawaida ikiwa na nyuzi 25 hushiba sumaku kwenye karibu tesla 0.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ikifika nyuzi 100 hushiba kwenye karibu tesla 0.4. Selfu iliyopimwa juu ya meza asubuhi ya baridi ya Julai, ikaonekana imetosha, inaweza kuishiwa nguvu ikishafungwa ubavuni mwa mota moto, kisha mkondo ukarudi kuwa na meno yale yale iliyowekwa kuyalainisha. Tiba ipo: kutumia kiini cha unga wa chuma au cha mabamba ya chuma chenye silikoni, ambacho hushiba mbali zaidi. Lakini tiba hiyo huongeza uzito au joto la kiini, na faida ya udogo iliyotajwa juu huanza kuliwa.

Hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote kwa mazingira yetu inahusu feni. Mota nyingi za viwandani hapa hupozwa na feni iliyopachikwa kwenye ekseli yao wenyewe, na variateri huwekwa hasa ili kuipunguza kasi ya mota. Mota ikizunguka nusu ya kasi, feni nayo hutoa takriban nusu ya hewa. Katika pampu ya kawaida ya maji hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha inayohitajika hushuka kwa mraba wa kasi. Nusu ya kasi huhitaji robo ya nguvu hiyo, na mkondo hupungua pamoja nayo. Mkanda unaobeba mawe ya madini hauna huruma hiyo. Uzito uliomo juu yake ni uleule, uende haraka au polepole, kwa hiyo mkondo hubaki juu wakati hewa imepungua. Na hata kwenye pampu kuna jambo linalosahaulika: joto la kiini cha selfu linatokana na ule ukataji wa variateri, ambao hauifuati kasi ya mota. Mota inapopumzika, selfu iliyo ndani yake bado iko kazini, na feni imelala. Kabatini feni ina umeme wake, na hupepea vilevile mota ikienda mbio au ikitambaa.

Watetezi wa ndani hujibu kwamba feni ya pekee inaweza kuongezwa nyuma ya mota. Ni kweli, na hufanyika. Ila hapo tumeongeza kifaa kingine cha kuharibika, nje, kwenye vumbi.

Vumbi hilo ndilo ningependa lizungumzwe zaidi kuliko mwinuko. Kila mtu hapa anajua kwamba mota za kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 na hewa isiyozidi nyuzi 40, na kwamba Lubumbashi iko takriban mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya pwani. Hilo huwa kisingizio cha kila mota iliyoungua. Kwa kweli, kupita mpaka huo kwa mita 200 hupunguza uwezo wa kupoza kidogo tu. Vumbi jekundu la kati ya Mei na Septemba, likiganda kwenye mapezi ya mota na kuziba chujio la kabati, hupunguza zaidi, na hakuna anayelikadiria. Hapa lazima niwape haki wapinzani wangu: selfu iliyozibwa kwa resini ndani ya mota iliyofungwa haiguswi na vumbi hata kidogo, ilhali ya kabatini hutegemea mtu akumbuke kusafisha chujio, na mara nyingi hakumbuki.

Kwa waya mrefu kati ya variateri na mota, jibu ni la wazi zaidi. Mapigo makali ya volti yanayosafiri kwenye waya mrefu huakisiwa yakifika kwenye mota, na kilele chake chaweza kukaribia maradufu. Selfu iliyo upande wa variateri huyapunguza makali kabla hayajaingia kwenye waya. Iliyo ndani ya mota huyangoja yakishafika, ikapokea kipigo yenyewe na kuuacha waya bila kinga. Fikiria migodi ya chini ya ardhi. Katika mgodi wa Kipushi, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka hapa, uchimbaji ulisimama 1993, lakini maji hayakusimama, na pampu zilipaswa kuendelea. 2011 pampu kuu zilipokwama, maji yalipanda ndani ya mgodi. Mahali pa namna hiyo, kitu kinachoweza kukaa juu, kwenye chumba kikavu, hakina sababu ya kupelekwa chini kikiwa kimefichwa ndani ya mota.

Ukubwa nao huamua. Koili ikikua, ujazo wake unaozalisha joto huongezeka haraka kuliko uso wake unaolitoa. Kule Kolwezi, unapoishia waya wa umeme wa mkondo mnyoofu kutoka bwawa la Inga, wenye urefu wa kilomita 1,700 na uliowashwa 1982, vituo vya aina hiyo huwa na koili kubwa za kulainisha mkondo, nazo hupewa mahali pao na upoaji wao. Mjadala wa ndani au nje ni wa mashine ndogo na za kati.

Linabaki suala la ukarabati, ambalo wabunifu hulitaja mwishoni na sisi hulitaja mwanzoni. Resini inayopitisha joto vizuri hushika vizuri pia. Selfu iliyozamishwa humo ikikatika, hakuna kuisuka upya. Hutolewa kwa tanuru au kwa patasi. Na tanuru ikipita nyuzi 370 hivi, rangi ya kuhami iliyo kati ya mabamba ya kiini cha mota yenyewe huanza kuharibika, kwa hiyo unaokoa nyumba ya mota na kurudisha mashine inayochemka kuliko zamani. Selfu ya kabatini hufunguliwa kwa boliti nne, ikasukwa upya hapahapa kwa waya wa shaba ambao, kwa kichekesho cha uchumi wetu, huenda uliondoka Katanga ukiwa bamba na kurudi ukiwa umepakwa vanishi ng'ambo.

Kwa gari, na kwa pampu ndogo yenye variateri mgongoni, ningekubali selfu iwe ndani, mradi iwe imepozwa kwa maji au ipo feni isiyotegemea kasi ya mota. Kwa mkanda wa madini, kinu na pampu ya mgodini, ningeiweka nje, ningeiacha wazi bila resini, ningeining'iniza juu ya kabati, ambako joto lake halitaipandia variateri, na ningemwomba anayefunga asikaze boliti ya katikati kwa bamba la chuma.