Ile Voisi ya Kamati ya Harusi: Ni Paka, Wallahi

Kwa kuwa Maulidi, mwanakamati mwenzangu, ameshaisambaza kwa namna yake ile voisi yangu ya kwenye kundi la kamati ya harusi, na jana muuza migebuka wa Katonga nisiyemjua hata kwa sura kaniuliza "mgonjwa wako anaendeleaje, mhazini?" huku akimkonyeza mwenzake, naomba na mimi nisikilizwe. Mlioisikia ile voisi, nyamazeni kidogo. Ambao hamjaisikia, Mungu anawapenda.

Yule alikuwa paka.

Mwenyewe mnamjua: Liemba, dume la rangi ya jivu linalolala juu ya magunia ya dagaa pale kwangu Mwanga, Kigoma. Nilimpa jina la ile meli ya Ziwa Tanganyika kwa sababu ya honi yake. Akidai chakula alfajiri, hata waliolala Ujiji wanageuka upande wa pili. Basi Jumatatu nafungua stoo, bwana mkubwa kaja, kakaa mbele yangu, kaachama mpaka nikaona magego. Kimya. Akaachama tena. Ikatoka pumzi tu: "hhhh." Kama mtu anayefuta miwani.

Sikupaniki. Ukiuza dagaa miaka 12 umefuga paka miaka 12, maana stoo ya dagaa isiyo na paka ni mgahawa wa panya. Paka akikauka sauti, mara nyingi ni mafua yao: virusi vinavimbisha zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni), na zoloto likivimba zile nyuzi za sauti hazitetemeki. Utaona na chafya, macho ya majimaji, pengine vidonda kwenye ulimi. Dume nalo linaweza kujikausha lenyewe kwa kulilia majike siku tatu usiku kucha. Au kuna kitu kimekwama, mwiba au uzi. Na liko la mwisho ambalo halina utani: kichaa cha mbwa. Paka mwenye kichaa anaweza kubadilika sauti, akatoa mate, akashindwa kumeza. Liemba alichanjwa miezi minane iliyopita na kadi ninayo, kwa hiyo anayeandika kule kwenye kundi "paka mwenyewe kichaa" afute.

Jumanne akapiga chafya kutwa na akagoma kula. Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika, kwa sababu paka anakula kwa pua. Pua ikiziba, hata dagaa wabichi wa usiku uleule kwake ni maranda ya mbao. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyenenepa, mwili unayeyusha mafuta yake, mafuta yanajaa kwenye ini, na unakuwa na magonjwa mawili badala ya moja. Liemba ana kilo tano na nusu. Hana njaa ya kuchezea.

Jirani akaja na robo ya Panadol kwenye kijiko. Nikamshika mkono juu kwa juu. Jamani, hili nalisema bila kucheka: paka hapewi Panadol, si robo, si ya maji ya watoto. Ini lake halina uwezo wa kuivunja ile dawa kama letu. Damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa kama matope, uso unavimba, na kidonge kimoja kinatosha kumzika. Jirani akaondoka amenuna, na nasikia ni yeye wa kwanza kusema "mimi nilijua mle ndani kuna jambo".

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa saa tatu usiku, umeme umekatika. Mama Salma yuko Ujiji kwa mama yake tangu Ijumaa, wanaandaa harusi ya mdogo wake. Mimi ni mhazini wa kamati. Kundi la kamati lina watu 43, wakiwemo mama mkwe, wajomba wanne, na shehe. Simu yangu ilikuwa wazi humohumo kwenye kundi, nilikuwa nataka kutuma orodha ya waliokwisha kutoa michango. Nikaona kabla ya kutuma nimwangalie mgonjwa koo, isije ikawa ni mwiba wa mgebuka nikashinda namfukizia mvuke bure.

Unahitaji mikono miwili na mwanga. Mikono ninayo. Mwanga, tochi ya simu. Nikaiwasha, nikaibana simu kati ya kidevu na kifua, tochi ikitazama chini. Nilijiona fundi kweli.

Kumbe kidevu changu hiki kilikuwa kimekaa juu ya kile kialama cha kurekodi. Na mnajua ukikibonyeza ukakisogeza juu kinajifunga, kinarekodi chenyewe hata ukiachia. Nikainamisha kichwa kumtafuta paka. Kikajifunga.

Hatua ya kwanza, usimkimbize. Paka mgonjwa akikimbizwa anahema vibaya. Unamwita kwa upole. Kwa hiyo nilisema, na nanukuu kwa sababu tayari mnayo: "Njoo mrembo wangu, njoo, mama hayupo."

Mama ni Mama Salma. Hampendi paka kitandani. Nilimaanisha hivyo tu.

Hatua ya pili, unamviringisha nguo nzito kiasi, kuanzia shingoni, miguu yote minne ndani, kibaki kichwa tu kama sambusa iliyotoboka. Taulo lilikuwa limelowa, nikachukua khanga iliyokuwa juu ya sanduku. "Tulia nikufunge hii. Ya Mama Salma hii, usije ukaichana."

Hatua ya tatu, unampakata, mgongo wake kwenye tumbo lako, asipate pa kurudi nyuma. "Sogea. Sogea kwangu. Hivyohivyo."

Hatua ya nne ndiyo yenye ufundi. Kiganja cha kushoto juu ya kichwa, kidole gumba na cha pili vinashika mifupa ya mashavu, nyuma kidogo ya chonge. Unainua pua itazame dari, taya la chini linalegea lenyewe. Halafu kidole cha kati cha mkono wa kulia kinashusha yale meno madogo ya mbele, SIYO chonge. "Fungua mdomo. Usiogope, nafanya taratibu. Toa ulimi… eeeh, mtoto mzuri."

Watu 43.

Nikatazama. Koo jekundu kama pilipili, kidonda kimoja pembeni mwa ulimi, mwiba hakuna. Nikasukuma kwa chini, kati ya mifupa ya taya, ulimi ukainuka. Pale chini ndipo uzi hupenda kujizungusha. (Ukiuona usiuvute hata kidogo. Upande wa pili unaweza kuwa umefika kwenye utumbo, ukivuta unakata utumbo kama jibini. Ni wa daktari huo.) Uzi pia hakuna. Nikamhurumia, nikamwambia, "Pole, najua huna sauti. Usinikwaruze tu, kesho nina kikao na wakwe."

Akaniuma.

Chonge mbili kwenye kidole gumba, mpaka ndani. Ile "AAAIII!" mnayoisikia mwishoni ni hiyo. Simu ikadondoka mkekani, Liemba akaruka na khanga yake, mimi nikapiga goti. Aliyebonyeza kutuma, kama ni mguu wa paka au ni goti langu, hadi leo hatujakubaliana. Dakika 2 na sekunde 11.

Sasa sikilizeni msiba ulivyo na akili. Mtu akiumwa na paka au mbwa, aliyechanjwa na asiyechanjwa, anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Si kumwagia, ni kuosha. Mimi nalijua hilo, nalifundisha mtaa mzima. Nikatoka uani kwenye dumu la koki, sabuni ya mche mkononi, nikaanza. Dakika ya pili nikasikia simu inatetemeka mkekani. Ya nne inatetemeka mfululizo kama dagaa kwenye mafuta. Nikajisemea, hao wamefurahia orodha ya michango. Ya saba ikaanza kuita. Ikaita, ikakata, ikaita. Na mimi, mwanasayansi, nasugua kidole nahesabu, sitaki kupunguza hata dakika moja. Kama ningekuwa mzembe ningeifuta ile voisi kwa wote mapema, mambo yakaisha. Heshima yangu imeondoka kwa ajili ya usafi.

Nikakuta ujumbe 61.

Mwenyekiti, ambaye ni mjomba mkubwa: "Ndugu mhazini, nadhani umekosea kundi."

Mama mkwe hajui kuandika kwenye simu, katuma voisi. Sekunde tisa za kimya, halafu: "Lahaula."

Mtu mmoja wa Kibirizi: "Na michango yetu iko salama?"

Mama Salma: "Baba Salma." Basi. Na nukta.

Nikaandika kwa herufi kubwa NI PAKA. Shemeji, bibi harusi mwenyewe, akajibu: "Paka gani anaambiwa toa ulimi, anatoa?" Maulidi akaona mlango uko wazi: "Kama ni paka alie tumsikie."

Haya. Niambieni. Paka gani katika Kigoma nzima angeniokoa kwa sekunde moja? Huyuhuyu ambaye wiki iliyopita alikatiza mawaidha ya shehe kwa kelele. Nikamfuata chini ya kitanda, nikamsogezea simu mdomoni, nikamwomba. Akanitazama kwa huruma, akaachama, akanipa ile ile: "Hhhhhh."

Nikaituma. Wallahi nilidhani itasaidia.

Sekunde sita za mtu anahema gizani. Maulidi akajibu "Innalillahi". Wajomba wawili wakatoka kwenye kundi.

Ikabidi nipige picha. Kwa mwanga wa simu, Liemba kajikunyata, masikio na macho mawili yanayowaka kama karabai za ziwani, na khanga imemzunguka, maandishi yamekaa vizuri kabisa mbele: SINA SIRI NINA JIBU. Kundi likanyamaza. Nikashusha pumzi. Mama Salma akaandika: "Hiyo si doti yangu ya kuvaa harusini?"

Kwa hiyo kesi ya uzinzi ikafutwa saa nne kasoro, na ya khanga ikafunguliwa saa nne kamili. Alikuja na bodaboda usiku uleule. Sitaelezea.

Yaliyobaki ni haraka haraka. Asubuhi kidole kimevimba kama ndizi, maana meno ya paka ni sindano, yanapanda bakteria ndani halafu tundu linajifunga juu. Nikaenda kituo cha afya, nikapewa dawa na nikaanza chanjo ya kichaa. Paka naye akawekwa chini ya uangalizi siku 10. Muuguzi alivyoona jina langu kwenye daftari alitoka nje kwanza kucheka.

Daktari wa mifugo alimpima Liemba joto nyuzi 39.9, ambapo kawaida yao haizidi 39.2, akasikiliza kifua, kisafi. Mafua. Dawa ya virusi hakumpa, akampa doksisaiklini ya kuzuia bakteria wanaofuata nyuma, akasisitiza kila kidonge kifuatwe na maji mililita tano au sita kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, pembeni ya shavu. Kidonge hicho kikilala kwenye umio la paka, yaani njia ya chakula, kinaliunguza. Mvuke: sufuria ya maji ya moto chini, paka kwenye tenga mbali nayo asiungue, chumba kimefungwa, dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Usitie Vicks, usitie mkaratusi, mafuta hayo yanawadhuru. Pua unafuta kwa pamba na maji ya chumvi, robo lita kwa chumvi pungufu kidogo ya nusu kijiko cha chai. Chakula kipashwe kiwe vuguvugu ndipo kinukie: nilichemsha mgebuka bila chumvi wala kitunguu, nikaponda, nikampaka kidogo kwenye mdomo wa juu. Akalamba. Nililia kidogo, ila hilo Maulidi hajui. Na ukiona paka anahema kwa mdomo wazi, au pumzi zinazidi 40 kwa dakika akiwa amelala, acha mambo ya mvuke, mbebe uende.

Meli ya Liemba ilizamishwa 1916 ikaibuliwa 1924. Mimi sidai heshima yangu iibuke haraka zaidi ya hapo.

Siku ya tisa, alfajiri, nimelala sebuleni (bado), nikasikia honi. Honi kamili, ya kuamsha Ujiji. Nikaruka, nikashika simu, safari hii kwa kidole, nikarekodi sekunde nne, paka analia wazi kabisa, nikatuma kwenye kamati bila neno lolote.

Mwenyekiti akajibu saa kumi na moja na dakika 20: "Ndugu mhazini, hili ni kundi la michango."