Mfalme wa Carthage hana luku

Jamani naomba kuuliza, nani alisema gemu ni mapumziko? Maana mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni, kutwa nzima nipo stoo nahesabu misumari na mabati ya watu, napanda daladala nimebanwa mlangoni mguu mmoja ndani mmoja hewani mpaka Mbagala, nafika naoga, nakaa kwenye kompyuta nikiwa na nia moja tu, leo niwe mfalme. Dakika tano hazijaisha nimeshakuwa mtunza stoo tena. Nahesabu kuni, nahesabu mawe, naangalia nani kazembea. Tofauti ni kwamba kule kwa bosi nalipwa.

Gemu lenyewe ni Age of Empires, la kujenga himaya ya kale na kupigana na wenzako, lile la kwanza kabisa la 1997 pamoja na nyongeza yake ya Roma ya 1998. Najua kuna jipya, 2018 walilitengeneza upya likawa linang'aa hadi maji yanaonekana ya kunywa, lakini kompyuta yangu ni ya mkononi mwa mtu, betri ilishakufa zamani, ukigusa waya wa chaja tu inazima kabla hujasema bismillahi, na feni yake inanguruma kama mashine ya kukoboa. Kwahiyo mimi na la zamani tumezeeka pamoja.

Sasa unaanza Zama za Mawe. Hapo huwa naona kama wananitania, Zama za Mawe sisi ndio wenyewe, Olduvai ipo kwetu, mimi nifundishwe kuokota jiwe na watu wa Texas waliolitengeneza gemu? Anyway. Unapewa boma moja, wanakijiji watatu, chakula 200, kuni 200, mawe 150 na dhahabu sifuri. Sifuri kabisa. Yaani himaya inaanza na hali yangu ya tarehe 20.

Hao wanakijiji ndio walionizeesha. Mmoja unampata kwa chakula 50, unamtuma akachume matunda porini, anaenda vizuri tu hana neno. Matunda yakiisha anasimama. Haulizi, hasemi bosi kazi imeisha nifanye nini, hata kuazima shoka kwa mwenzake hataki, anasimama pale pale kichakani mikono inaning'inia na wewe huku unajiuliza mbona chakula hakipandi, kuja kuzunguka ramani nzima unawakuta wanne wamesimama kama wapo msibani wanasubiri maiti. Na ukimwambia akakate mti, ule mti wa pembeni yake haumfai. Anachagua njia yake, anazunguka mlima, anavuka mto, anapita katikati ya kambi ya adui. Nina mtoto wa dada wa mke wangu hapa nyumbani, Rama, yupo kidato cha pili, ukimtuma chumvi duka la jirani anapitia uwanja wa mpira. Ndio hao hao.

Alafu kuna simba. Mwanakijiji uhai wake ni 25 tu, simba akimkamata humalizi hata kupiga kelele. Nimeshapoteza mtu kwa simba, nimepoteza kwa mamba, nimepoteza wawili kwa tembo kwa sababu tembo mmoja ana chakula 300 nikaona nitakula mwezi mzima. Tamaa.

Kitu pekee kinachonifariji ni nyumba. Nyumba moja kuni 30, inabeba watu wanne, na fundi wake ni mwanakijiji yeyote, anagonga gonga kidogo nyumba imesimama. Hakuna fundi wa kukuambia bosi niachie hata ya kula, hakuna nondo kupanda bei, hakuna mchanga kuisha usiku. Watu mwisho ni 50, ukishatoa wanne wa boma unahitaji nyumba 12 tu, kuni 360, mji mzima umekamilika. Mimi nina kiwanja Chanika msingi umesimama tangu 2016 na nyasi zimeshaufunika, nikipita pale natazama pembeni. Kuna siku mama watoto alinikuta najenga nyumba ya kumi na moja kwenye gemu akasimama nyuma yangu kimya muda mrefu, akasema, "Baba Shamsa, hongera kwa ujenzi," akaondoka. Hilo neno liliniuma kuliko mshale.

Shamba ndio upuuzi mwingine. Unalima kwa kuni 75, linatoa chakula 250, alafu linakufa. Linafutika kabisa ardhini kama halikuwahi kuwepo na yule mkulima anabaki amesimama kwenye vumbi. Babu yangu Korogwe amelima shamba moja miaka 40 halijamfutikia hata siku moja. Na wewe unahitaji chakula maana kutoka Mawe kwenda Zama za Zana ni 500, kwenda Shaba ni 800, kwenda Chuma ni 1000 na dhahabu 800 juu. Ustaarabu wote huo ni mlo tu. Rama ndio akanifundisha kodi za siri, sio kodi ya nyumba, zile za kuandika kwenye gemu. Unaandika pepperoni pizza unapewa chakula 1000. Nikasema hapana, mimi mtu wa haki. Usiku wa manane wale wakulima wanne waliposimama tena kwenye vumbi niliandika pizza mara tatu. Mimi pizza yenyewe sijawahi kuionja, lakini nimelisha jeshi.

Na kuchagua taifa nako ni kazi. Lile la mwanzo lilikuwa na mataifa 12, Misri, Babeli, Ashuru, Waajemi, Wagiriki, Wahiti na wenzao. Wahiti nilikuwa siwajui, nikaenda kuwasoma, kumbe ndio waliopigana na Ramses wa Pili, farao wa Misri, pale Kadeshi mwaka 1274 kabla ya Kristo, farao akanusurika kutekwa na magari ya farasi, akarudi nyumbani bila kuuteka huo mji, akachonga ukutani kwenye mahekalu kwamba ameshinda. Karnak kuna ukuta, Luxor kuna ukuta, Abu Simbel nako kuna ukuta. Wahiti nao huko kwao wanasema wameshinda wao. Hapo ndio nikajua hawa watu ni ndugu zetu kabisa, hiyo ni Jumatatu asubuhi kwenye kijiwe cha kahawa baada ya watani wa jadi kutoka sare.

Ila kuna jambo linanikera na nitalisema. Afrika nzima kwenye yale mataifa 12 waliweka Misri basi. Kushi hawamo! Watu waliotoka Sudan wakaenda kuitawala Misri yenyewe, farao Taharqa alikuwa wa kwao, piramidi wanazo nyingi kuliko Misri, hawakupata hata kijiji kimoja kwenye hiyo ramani. Hata Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, hakuna, na wale walikuwa wanagonga sarafu zao wenyewe. Mwaka 1998 ndio wakaongeza Carthage, ambayo ipo Tunisia, kwahiyo mimi kwa uzalendo nacheza Carthage. Na kwa sababu ya tembo.

Tembo wa vita bwana. Ijumaa iliyopita nikajipanga, nikasema leo Roma atanitambua. Tembo mmoja chakula 170 dhahabu 40, nikatengeneza sita, piga hesabu mwenyewe, 1020 na 240, hizo ni pizza na jasho. Mmoja ana uhai 600! Nikawapanga mstari nikawatazama nikajiona Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyevuka milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo na tembo wake 37 akaenda kumsumbua Mrumi mlangoni kwake. Mama watoto akapiga hodi kwenye utukufu wangu, "Baba Shamsa, nyanya zimeisha na kitunguu, niachie hela." Nikamwambia dakika tano. Hannibal hakuulizwa nyanya.

Tembo wakatembea. Ukuta wa Roma unaonekana. Alafu kwenye ukungu ikasikika ile sauti.

Wololoooo.

Kama hujacheza hili gemu huwezi kujua hiyo sauti inavyoshusha presha. Kuna kuhani. Mzee mmoja amevaa kanzu, hana panga hana hata fimbo ya maana, gharama yake dhahabu 125, anasimama mbali huko anapunga mikono anaimba wololo, na tembo wako uliyemlea, uliyemkosesha watoto hela ya vitumbua, anakaa kidogo kama anafikiria alafu anabadilika rangi. Alikuwa wa bluu sasa mwekundu. Hajapigwa, hajahongwa, ameitwa tu. Anageuka anaanza kukukanyagia wenzake. Kuhani anapumzika kidogo anavuta pumzi, wololo, wa pili huyo. Mimi nabonyeza mausi mpaka inataka kutoka nyaya, mpige yule mzee, mpigeni yule mzee, tembo wangu wanasukumana wenyewe kwa wenyewe njia nyembamba hakuna anayefika. Wakabaki wawili na hao wawili walikufa wakikimbia. Wale wekundu wakaja hadi kwangu wakavunja nyumba tatu, nyumba za kuni 30, afadhali hata msingi wangu wa Chanika bado umesimama.

Nikaenda kusoma tena ili nipoze moyo nikakuta Hannibal mwenyewe yalimpata. Mwaka 202 kabla ya Kristo kwenye vita vya mahali panaitwa Zama, Warumi wakapuliza matarumbeta, tembo wengine wakashtuka wakageuka wakawavuruga wapanda farasi wa Carthage wenyewe. Kwahiyo tembo wa kwetu kugeukia nyumbani ni ugonjwa wa ukoo.

Basi nikabadili mbinu. Vita sina tena, nikasema najenga lile jengo la maajabu. Kuni 1000, mawe 1000, dhahabu 1000, ukilimaliza likasimama miaka 2000 bila kubomolewa umeshinda hata kama hujaua kuku. Kwa mtu wa umri wangu huo ndio ushindi wa kistaarabu. Nikaweka wanakijiji 15 wakajenga, nikazungushia ukuta, nikaweka minara, mpaka saa tatu usiku jengo limesimama linang'aa na juu ya kioo miaka inaanza kuhesabika kurudi nyuma. Elfu mbili. Elfu moja mia tisa na tisini. Miaka ya kule inakimbia kuliko mwisho wa mwezi wa mwenye nyumba.

Na hapo ndio mita ya luku ikaanza kulia. Ti. Ti. Ti.

Nikaangalia, uniti 0.6. Nikaangalia juu, miaka 1700. Betri ya kompyuta kama nilivyosema ni marehemu, umeme ukienda na Carthage imeenda. Najua utaniambia si usevu. Nilisevu! Lakini menyu ya kusevu inaganda kwenye kompyuta hii mara moja moja, ikiganda ndio basi, na mimi siwezi kucheza kamari na jengo la dhahabu 1000. Kusevu kwa mwisho ilikuwa kabla tembo hawajaenda vitani, yaani nikirudi nawakuta wote sita wazima na yule mzee anawasubiri. Simu haina kitu. Mfukoni nina elfu tano ya mwisho. Nikaita, "Rama! Kimbia kwa Mangi, luku ya elfu tano, namba za mita hizi hapa, usipite uwanjani."

"Sawa baba mdogo."

Akatoka mbio, kijana mtiifu, wa bluu kabisa.

Nikazima taa. Nikazima feni ya chumbani, nikachomoa friji, nikachomoa hadi redio ambayo haikuwa inawaka. Miaka 1300. Roma wakaja, minara yangu inawapiga, wanakijiji wanaziba ukuta, mwanakijiji mmoja amesimama anatazama mti sijui anawaza nini. Ti ti ti. Miaka 900. Huko nje uani nasikia mama watoto anaita kitu, sauti yake ile ya kuvuta mwishoni, "weeeee Ramaaaaa," mimi sina muda naye, Warumi wameleta mtambo wa kurusha mawe upande wa kushoto. Natuma watu wote. Miaka 500. Jasho linatoka maana feni nimezima mwenyewe. Mtambo umevunjika! Nikasimama nikapiga ngumi hewani peke yangu gizani. Miaka 210. Mia mbili. Ti ti ti ti ti, mita sasa inalia bila kupumua. Mia moja na sabini. Natamani kuisukuma ile namba kwa kidole. Mia na arobaini.

Pap.

Kimya. Hata feni ya kompyuta imenyamaza, kwa mara ya kwanza tangu niinunue nikasikia vyura wa Mbagala. Nimekaa pale gizani nimeshika mausi ya kompyuta isiyowaka. Baadaye nikasikia kandambili zinakuja, mlango ukafunguliwa, mwanga wa tochi ya simu, Rama huyo na kimfuko mkononi. Nikasema afadhali. Kuchungulia ndani kuna nyanya, vitunguu, pilipili hoho moja na chenji ya mia nne.

"Rama. Luku iko wapi?"

"Baba mdogo mi nilikuwa naenda kwa Mangi kabisa, nilishafika hadi pale kwenye kona, mama mdogo akaniita."

"Akakuita akakwambiaje?"

"Akaniita tu."