Jiji halitoshei kwenye kurasa ishirini

Komiki ya kisayansi ikishamsimamisha profesa kwenye fremu atufafanulie injini ya chombo, ujue mchoraji ameshindwa kazi au amenyimwa kurasa. Mara nyingi ni hilo la pili. Albamu ya kawaida ya Kifaransa ina kurasa 48, toleo moja la Kimarekani lina kama 20. Jiji zima la wakati ujao litatosheaje humo bila viputo kufurika maneno?

Ndiyo maana Akira, komiki ya Kijapani ya Katsuhiro Otomo, bado inaziacha nyingi mbali. Ilitoka kwa vipande jaridani kuanzia 1982 hadi 1990, ikakusanywa katika juzuu 6 zenye kurasa zaidi ya 2,000. Otomo anabomoa Neo-Tokyo, jiji lake la kubuni, jengo baada ya jengo, kurasa kwa kurasa, na hakuna anayesema neno. Aliyetazama filamu yake tu hadithi hii haijui. Filamu ilitoka 1988, komiki haijaisha, na sehemu kubwa ya juzuu ya 4 hadi ya 6, jiji likiwa magofu, haimo.

Ukinunua, chukua toleo linalosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama lilivyochorwa Japani. Lile la rangi la Marvel, wachapishaji wa Marekani, lililoanza 1988, kurasa zake ziligeuzwa kama kwenye kioo, hivyo mkono wa kulia anaoupoteza Tetsuo, mhusika mkuu mmojawapo, ukawa wa kushoto. Rangi za Steve Oliff, aliyelipaka toleo hilo, ni nzuri, sikatai, lakini wino wa Otomo haukuwa ukiomba msaada.

Juzuu nene zina kero yake: picha ya kurasa mbili humezwa na mshono wa katikati, na ukikikunjua kitabu kwa nguvu gundi ya mgongo hupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka. Kabla ya kusoma, kilaze kwa mgongo, ufungue kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, ukibonyeza taratibu mpaka ufike katikati. Kwenye tableti, washa kurasa mbili kwa pamoja. Zikipishana, weka jalada lisimame peke yake.

Usiyetaka unene huo, anza na Planetes ya Makoto Yukimura, kuhusu watu watatu wanaookota takataka angani. Kitu kinachozunguka karibu na Dunia huenda takriban kilomita 8 kwa sekunde, hivyo kipande kidogo tu cha chuma ni risasi. Yuri, mmoja wa hao watatu, anampoteza mkewe namna hiyo kurasa za mwanzo kabisa, na fizikia yote umeshaielewa.

Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples isome juzuu tatu kwa mkupuo. Kila juzuu hukusanya matoleo 6 na hukatia pabaya. Ya 9 iliishia 2018, wasomaji wakasubiri mwendelezo hadi Januari 2022. Sayansi usiitafute humo. Ni ndoa na malezi vitani, roketi yao ni mti, na hakuna anayejisumbua kueleza unarukaje.