Tuazimeni kitanda

Ukumbini rangi ilikuwa bado inanuka. Ile harufu ya rangi ya mafuta, ya baiskeli na mageti, inayokukaa kooni mpaka jioni. Bango la mlangoni lilisema tunasherehekea miaka 40 ya kazi ya mzee, na mimi njiani nilishapiga hesabu zangu: leo nitaona alichokuwa anachora enzi zile tunapanga foleni ya sukari. Nikazunguka kuta zote nne. Picha kongwe kuliko zote ilikuwa ya mwaka juzi. Kwenye ile ya twiga watatu na mbuyu niliweka kidole pembeni, najua hairuhusiwi, kikanata.

Mzee ni jirani yangu huku Msasani, ndiyo maana nilialikwa. Simtaji jina, na ukumbi siutaji, kwa sababu waandaaji walijitahidi kwa nafasi yao na sambusa zilikuwa za moto. Alikaa kiti cha mbele, kanzu mpya, shingoni kavishwa shada, anasikiliza hotuba ya nne. Ilipokwisha nikamsogelea.

"Shikamoo mzee. Zile za zamani wameziweka wapi?"

"Marahaba. Zipi?"

"Za miaka ile ya themanini."

Akacheka. "Mwanangu, picha ikikauka inauzwa. Ningeziweka ndani, watoto wangekula rangi?"

Wiki ya tatu sasa jibu hilo haliniachi. Tumezoea kulalamika kwamba wasanii wetu hatuwaenzi mpaka wafe. Sawa. Lakini hata tukitaka kumwenzi akiwa hai na nguvu zake, mchoraji wa Dar es Salaam hana cha kutuonyesha, kwa sababu maisha yake ya kazi yameshapanda ndege. Yameondoka moja moja ndani ya mabegi ya wageni, mengine kabla hata rangi haijakauka vizuri.

Anzia kwa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Mzaliwa wa Tunduru, 1932, akaja mjini kutafuta maisha kama wengine, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, kama sentimita 60 kwa 60. Vikauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, walipokuwa wanapita Wazungu. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Yaani kazi iliyoupa mtindo mzima jina ni ya miaka michache tu, haifiki hata mitano. Akina January Linda, Ajaba Abdallah na Kasper Tedo waliojifunza kwake wakaendelea, mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika, na leo ukienda Oysterbay utawakuta mafundi wameinama juu ya vitambaa, picha zimetundikwa mpaka nje. Ya mkono wa Edward mwenyewe usitegemee kuikuta.

Au Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere na London, na baada ya uhuru akatuwakilisha Uingereza kama balozi. Mwaka 1956 alichora wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Kwetu Machame yupo mtoto asiyeijua mbege? Lakini picha yenyewe ni mali ya Museum of Modern Art, New York. Kaombe viza kwanza, halafu ukifika uombe Mungu wawe wameitundika siku hiyo.

Anayeniuma zaidi ni George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki hapa Dar mwaka 2005. Huyu ndiye aliyefaa hasa kwa maonyesho ya kazi za maisha. Mmakonde, alianza kwa kuchonga. Alipokuja mjini akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, wakaona vinyago vyake, lindo likaishia hapo. Pale ndani akakutana na batiki, akakutana na kuchora juu ya ngozi ya mbuzi, akakutana na chapa, na wale mashetani wake wenye masikio makubwa na vitambi wakashuka kutoka kwenye mti wakaingia kwenye ngozi, wakatoka kwenye ngozi wakaingia kwenye turubai wakiwa wamevaa kila rangi ya dukani. Zipange kazi zake kwa miaka ndani ya chumba kimoja, utaona kinyago kinageuka picha mbele ya macho yako. Picha nzuri moja moja tunaziona kila siku. Hilo la mtu kubadilika ndilo hatujaonyeshwa.

Wiki moja baada ya sherehe nilikwenda kwa mzee kuazima ngazi. Nyuma ya nyumba ana banda la kuku, na mlango wa banda ni kipande cha hadibodi. Nikainama kuchukua ngazi, jicho likanitazama. Jicho la nyati. Yuko peke yake, kajaa mraba mzima, mweusi juu ya bluu iliyokolea, hana dotidoti, hana ndege mgongoni, hana maua pembeni. Chini kulia, katikati ya michirizi ya mvua na mavi ya kuku, kuna namba 84.

"Hiyo haikununuliwa," mzee akasema. "Wateja walisema ina giza. Walitaka twiga, nikawapa twiga."

Nikamuuliza kama waandaaji waliiona. Waliiona. Mmoja aliipiga picha kwa simu, akasema haiendani na zile nyingine. Hapo alisema kweli. Ilikuwa picha pekee yenye miaka 40 kwenye maonyesho ya miaka 40, na siku hiyo ilibaki nyumbani inazuia kicheche.

Sasa nimlete mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa kukereza mbao Keko, miaka zaidi ya thelathini. Anayeijua Keko anazijua zile karakana zilizobanana, vitanda na makabati vimepangwa barabarani, vumbi la msasa limekaa juu ya kila kitu mpaka kope za watu. Watu wanamchanganya mkereza na mchongaji. Kwa mchongaji gogo linatulia, tezo ndiyo inatembea. Kwa mkereza mbao ndiyo inazunguka, mkono unatulia. Mjomba anabana kipande cha mninga ncha mbili, anawasha mota, zile pembe nne zinageuka kivuli. Anaegemeza patasi kwenye chuma, anasogea pole pole. Mwanzo unasikia ta-ta-ta-ta, pembe zinapigana na patasi. Zikiisha, mlio unakuwa mmoja, kama mluzi, na maranda yanatoka marefu kama utepe yanamlalia begani. Alikuwa anakereza kwa sikio. Macho mara nyingi yako kwa mtu anayeongea naye, jambo ambalo lilimtisha sana mama yangu, na kidole chake kimoja kifupi kinaonyesha mama hakukosea.

Na miguu minne ya kitanda lazima ifanane. Mashine yake haikuwa na akili yoyote. Alikuwa na ufito mmoja, ameupiga alama za penseli: hapa shingo, hapa tumbo, hapa kikombe. Anausogeza karibu na mbao inayozunguka, anagusa, mistari inajichora yenyewe, yanayobaki ni jicho na kumbukumbu. Mwisho kabisa anachota konzi ya yale yale maranda, anayakandamiza kwenye mguu unaozunguka, mninga unang'aa kabla haujaonja vanishi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uchawi. Umeme ukikatika katikati ya mguu wa tatu ananuna kweli kweli, anasema mkono ukipoa, mguu wa nne unakuwa wa kitanda kingine.

Mtu huyu hakuna aliyewahi kumwandalia hata soda. Yeye ni fundi, yule wa kanzu na shada ni msanii. Huo mpaka kati ya fundi na msanii sijui tuliuokota wapi, maana neno sanaa lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya ufundi, kazi ya mikono. Na watu wa pwani hawakuwahi kungoja ukumbi ili kujua mbao nzuri: angalia samadari, vile vitanda vya kizamani, zilivyokerezwa miguu, halafu uniambie aliyekaa nazo wiki nzima alikuwa anafanya nini kama si sanaa.

Kwingine wameshavuka hapo. Marekani kulikuwa na mzee anaitwa Bob Stocksdale, 1913 hadi 2003. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa kushika bunduki, akawekwa kambini pamoja na wenzake waliokataa, na huko ndiko alikoanza kukereza bakuli. Akaendelea na bakuli maisha yake yote. Bakuli tu! Ziko kwenye makumbusho makubwa ya kwao, chini ya kioo, na jina lake pembeni. Na sisi ndio wenye mpingo, mti mzito mpaka unazama majini, unaokua polepole mpaka aliyeupanda hawezi kuuona ukivunwa. Wa Kilwa na Lindi unasafirishwa Ulaya ukakerezwe klarineti na zumari za okestra. Nasi hapa tunauziwa kinyago cha mti mweupe kilichopakwa kiwi ya viatu. (Kikwangue chini kwa ukucha kabla hujalipa. Usimwambie muuzaji nimekufundisha mimi.)

Basi hapa ndipo hao wazee wawili wanapokutana kichwani mwangu. Mchoraji ametambuliwa na hana kazi zake. Mkereza hakutambuliwa, ila kazi zake zote ziko hapa hapa mjini. Ziko chini yetu. Vitanda vya mjomba viliingia Magomeni, Temeke, Ilala, Kinondoni. Nguzo za ngazi, miguu ya meza, vitako vya taa. Mgeni gani wa Oysterbay angepanda ndege na mguu wa kitanda? Na kazi yake inajulikana, kwa sababu alikuwa na alama: juu kidogo ya kikombe cha chini anakata vijistari viwili vilivyokaribiana, kama pete mbili za ndoa, halafu kwa waya uliopata moto wa kuzunguka anavichoma vinakuwa vyeusi. Mafundi wengine walikuwa wanaweka kimoja, au vitatu. Viwili ni vya kwake.

Kwa hiyo ninachotaka ni chumba kimoja, watu wawili. Kumbi tunazo. Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wana Nyumba ya Utamaduni, kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space wako Mikocheni tangu 2008. Ukuta wa mzee nyati akae katikati, na mavi ya kuku msiyafute yote. Kumzunguka, chorea chaki miraba mitupu ya sentimita 60 kwa 60, mingi, mpaka darini, na ndani ya kila mmoja andika anachokumbuka mwenyewe: fisi wawili, Mjapani, mwaka fulani, ililipa ada ya shule. Anakumbuka nyingi kuliko mnavyofikiri, nimekaa naye jioni mbili, kwenye daftari nina 61. Upande wa pili pangeni vitanda vya mjomba na shuka zake, na ule ufito wa penseli utundikwe peke yake wenye taa yake. Maelezo yawe ya Kiswahili. Pale kwenye maonyesho ya mzee hata jina la twiga lilikuwa la Kiingereza, na wageni waliotoka Tunduru kumshangilia walikuwa wanaulizana.

Najua nitaambiwa mguu wa kitanda una mikwaruzo, una alama za fagio, uko nusu chini umeliwa na maji ya kudekia. Ndiyo. Na ya Lilanga ingekuwaje kama ingelala chini ya familia moja tangu 1991?

Mjomba siku hizi yuko Mbagala, vumbi lilimmaliza kifua, mashine aliuza. Nilipomweleza aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mtu atatoka nyumbani kwake kwenye kitanda, apande daladala, aende kuangalia kitanda?" Lakini jioni alipiga simu mwenyewe, akaanza kunitajia nyumba.

Ya kwanza ilikuwa Magomeni, kwa bibi mmoja aliyeolewa na kitanda hicho. Nilibisha hodi nikiwa na salamu za mjomba na tochi ya simu. Akaninyanyulia shuka mwenyewe, nikapiga magoti. Mninga umeiva umekuwa rangi ya chai ya rangi. Mguu mmoja umesimamishwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikapangusa vumbi kwa kidole, pete zikatokea, mbili, nyeusi, zimenyooka kama zimepigwa jana. Nikahamia mguu wa pili, wa tatu, wa nne. Zote ziko kimo kimoja. Umeme haukukatika siku ile.

Nikainuka, nikamweleza bibi kwa adabu kwamba tungependa kukiazima, wiki tatu tu, kitarudi kama kilivyo, na jina la mwenyewe litaandikwa.

"Wiki tatu," akasema. Akakaa pembeni ya kitanda, akakipapasa. "Na huyo mchoraji mnayesema, naye mnamng'olea mlango wa banda?"

"Ndiyo, bibi. Tutamwekea mwingine."

"Enhe. Kuku mmewafikiria. Mimi nilale wapi?"