Wainjilisti wa Januari

Mavuno yakiisha na barabara zikikauka, ndipo injili inapohamia vijijini huku kwetu Dodoma. Kuanzia Julai hadi Oktoba utayaona mafuso yakielekea Chemba na Bahi, yamepakia spika, jenereta, turubai na wanakwaya wa mjini waliojifunga vitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Mkutano ni wa siku tano. Watu wanaitwa mbele, wanaombewa, majina yanaandikwa daftarini, mchungaji anapigwa picha na umati nyuma yake. Jumapili jioni turubai linakunjwa. Kwenye ripoti tunaandika kwamba kanisa limepandwa.

Nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe nasali kwenye kanisa linalopenda sana mikutano hiyo, na sipingi injili kuhubiriwa kwa spika. Ninachopinga ni kalenda, pamoja na bajeti inayoifuata kalenda hiyo.

Kiangazi watu wengi tunaodai kuwafikia hawakai mahali pamoja. Mbarabaig akiona malambo yamekauka anaswaga ng'ombe kufuata maji na malisho, na bomani wanabaki wazee na watoto. Kijana aliyenyoosha mkono Julai, Septemba yuko mbali na mifugo, na jina lake liko kwenye droo ya ofisi mjini. Kwa Mgogo mkulima ndio kwanza ghala lina uwele. Ni majira ya arusi, jando na ngoma, na mtu ana nafasi ya kumsikiliza yeyote mwenye jenereta. Ugumu uko Januari, chakula kinapokuwa kimeisha, mtu anaacha shamba lake akalime kibarua kwa jirani apate debe la mtama, na korongo limejaa maji kiasi kwamba Fuso halithubutu. Wakati huo kuna mtu mmoja tu wa kanisa aliyebaki kijijini, naye ni mwinjilisti.

Namfahamu mmoja upande wa Kwa Mtoro, Mgogo aliyepelekwa kwa Wasandawe. Kisandawe kina zile sauti za kugonga ulimi ambazo mtu mzima hazipati kirahisi, na watoto walimcheka mpaka wakachoka wakaanza kumfundisha. Analima nao, anazika nao, anajua ni lini wanaume wako porini kwenye mizinga, kwa hiyo hashangai benchi zikiwa tupu. Sadaka inakuja kwa jinsi watu walivyo: yai, bakuli la uwele, asali kwenye chupa ya maji. Baada ya ibada kuna mnada. Mara nyingi anayenunua kuku humrudishia yule yule bibi aliyemleta, na wote wanaondoka wakicheka. Siku moja wageni kutoka mjini wakashauri "utaratibu" zaidi, wakaleta bahasha zilizoandikwa mahali pa kujaza jina na kiasi. Bibi mwenye yai akakosa pa kuliweka. Wiki kadhaa hakuonekana, na mwinjilisti ndiye aliyekwenda kwake kumwomba arudi, si waliochapisha bahasha.

Kuvuka utamaduni, basi, si jambo la Mzungu na Mwafrika pekee. Sisi wa mjini tunaweza kuwa wageni kuliko Mzungu, maana Mzungu angalau alijua ni mgeni, akaketi kujifunza lugha. Sisi tunadhani Kiswahili kinatosha.

Historia ya hapa inasema hivyo hivyo. Wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1878, kwenye njia ya misafara ya kutoka pwani, wakiwa na safari ya Uganda kichwani. Walikaa miaka mingi na waumini wachache. Vita ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwaweka wamisionari Waingereza kizuizini, na walimu wa Kiafrika nao wengine wakakamatwa na kupigwa. Kanisa halikufa, kwa sababu waliobaki vijijini walikuwa wenyeji waliolishika. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu alikuwa Mwaustralia, George Chambers, na ilibidi kusubiri mpaka 1955 ndipo Yohana Omari awe Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu askofu wa Kianglikana Tanganyika. Miaka karibu themanini tangu Mpwapwa! Wanaolalamika kwamba wenyeji "hawajaiva" kuongoza wajue maneno hayo ni ya zamani sana.

Na muziki pia. Kuna wakati ngoma ya Mgogo ilihesabiwa kuwa ya kipagani, mwongofu akaambiwa aiache. Leo kina mama wanapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, makanisani, zeze linalia, na Chamwino kuna tamasha zima la muziki wa Cigogo ambako kwaya zinapanda jukwaani pamoja na vikundi vya asili. Halafu sisi tunafika na kinanda cha umeme kwenye kijiji kisicho na umeme.

Kuhusu makanisa mapya yanayoota Kisasa, Nzuguni na Ilazo tangu serikali ihamie hapa, sina neno baya. Yanahudumia watumishi waliohamishwa, na ni vizuri wawe na pa kusali. Tusiyaite tu umisionari. Watu wa Dar wamefungua tawi kwa ajili ya watu wa Dar.

Kondoa ni habari nyingine. Kule familia moja ina Waislamu na Wakristo, na wanazikana bila kuulizana. Spika ya mgeni inayokashifu dini ya shemeji inaharibu kwa saa mbili ujirani ambao mwinjilisti mkazi ameulea miaka, na mgeni akishaondoka, mwenyeji ndiye anayekutana na yule shemeji kisimani.

Kamati yetu inakaa Novemba kupitisha bajeti, nami nimeshaandika hoja. Mkutano mmoja wa kiangazi ufutwe. Fedha ya Fuso, mafuta ya jenereta, chakula cha wanakwaya na mabango iwe posho ya wainjilisti wawili kwa mwaka mzima, iwalipie bima ya afya na familia zao, na kama kuna salio, inunuliwe pikipiki iliyotumika. Mmoja awe huyu wa Kwa Mtoro, ambaye mpaka sasa analipwa pale mtu anapokumbuka. Wa pili achaguliwe na Wasandawe wenyewe kutoka miongoni mwao, hata kama cheti chake cha kidato cha nne hakina alama za kumridhisha mkuu wa chuo cha Biblia. Mjumbe mmoja ameshaniuliza picha za kuwatumia wafadhili zitatoka wapi. Nimemwambia aje Januari na kamera yake, ila avae mabuti.