Simu kando ya kitanda: imwite shehe au izungumze yenyewe?

Mgonjwa wa saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuwa na ndugu Mbagala na mchungaji Kimara. Foleni ikikaza, wote wanafika muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Hapo hoja ya kumpa mgonjwa huduma ya kiroho kwa simu ina nguvu: sauti ya mtu wake haisubiri daladala.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Mpako wa wagonjwa, sakramenti ya Wakatoliki, unahitaji mafuta na mkono wa padri. Vatikani ilisema mwaka 2002 kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Kumlakinia shahada Mwislamu anayekata roho, yaani kumtamkia ili aifuatishe, ni kazi ya aliye kando yake, anayeona midomo na kujua wakati wa kunyamaza. Watetezi wa roboti ya mazungumzo, programu inayomjibu mgonjwa yenyewe, hujibu kuwa saa tisa usiku hakuna shehe wala padri. Kweli. Lakini mgonjwa akiandika "sitaki kuishi tena", mstari wa Zaburi hautoshi. Simu ya muuguzi wa zamu ndiyo inayotakiwa kulia.

Kwa hiyo mfumo wa simu uite mtu, usijibu badala yake. Uanze na maswali manne ya FICA, ya daktari Christina Puchalski wa Marekani: imani, uzito wake maishani, jumuiya, na namna mgonjwa anavyotaka ahudumiwe. Muuguzi aulize kwa mdomo ndipo ajaze majibu. "Sitaki mtu" na "niulizeni kesho" yawe majibu kamili, la sivyo mwenye haraka atabonyeza dini anayoikisia kwa jina. Sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya 1967, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu imani, sawa na afya, kuwa taarifa nyeti.

Menyu ya nyota na reli (*#) inafaa kitochi na haili bando, ila hukatika mtu akichelewa kuchagua, na aliyetoka kunywa mofini huchelewa. Hatua mbili zinatosha: nahitaji mtu, leo au kesho. Ujumbe kwa imamu au mchungaji utaje wodi na saa tu, ugonjwa usitajwe, maana simu nyingi hushikwa na nyumba nzima. Asipoitikia ndani ya dakika 15, ombi liende kwa anayefuata kwenye zamu. Na zamu iwe na nauli; hili husahaulika kwenye bajeti, halafu lawama anapewa fundi wa programu.

Kinachonitisha zaidi ni ujumbe wa faraja unaojituma kila asubuhi. Mgonjwa akifariki usiku na orodha isirekebishwe, mjane ndiye atakayesomewa "Umeamkaje leo?" Kuuzima kuunganishwe na fomu ya kifo yenyewe, kusiachiwe mtu akumbuke.