Mjomba, Kifuniko na Tambi za Morioka

Wajapani hawaoni ajabu kupanda treni asubuhi kwenda mkoa mwingine kula bakuli moja la tambi na kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Kila mkoa una chakula ambacho wenyeji wake huapa kwamba kikipikwa kwingine hakiliki, na ninawafahamu watu wa Tokyo wanaokwenda hadi Kagawa, katika kisiwa cha Shikoku, kula udon, yaani tambi nene za ngano, kwenye viwanda vidogo vilivyojificha katikati ya mashamba ya mpunga, ambavyo hufunga mlango pindi unga uliokandwa unapokwisha, hata kama wewe ndiyo kwanza umefika. Kwa hiyo mjomba wangu wa Moshi, ambaye ni mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, alipokuja Yokohama kununua magari na kumaliza shughuli zake mapema, niliona haifai aondoke Japani akiwa ameonja chakula cha hoteli peke yake. Nikakata tiketi mbili za Morioka, mji mkuu wa mkoa wa Iwate, huko kaskazini.

“Tunakwenda kufanya nini huko?” aliniuliza.

“Kula tambi, Mjomba.”

“Ni mbali?”

Nilimjibu kwamba ni kilomita 500 hivi. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akataka kujua kama mama yangu ana habari ya namna ninavyotumia fedha za masomo.

Treni ya Hayabusa hutumia zaidi kidogo ya saa mbili kutoka Tokyo hadi Morioka, na kwa sehemu kubwa ya njia hukimbia kilomita 320 kwa saa. Nilikuwa nimepanga kuutumia muda huo kumweleza utaratibu wa chakula tunachokiendea, kwa sababu si chakula ambacho mtu hukaa tu mezani akala. Mjomba, hata hivyo, alikuwa amekaa dirishani na amegundua kwamba anaweza kutambua magari yaliyoegeshwa mbali na reli hata kwa mwendo ule. Kila nilipofikia habari ya kifuniko, ambayo ndiyo roho ya mambo yote, alinikatiza kunionyesha Noah nyeupe na kunitajia ingeuzwa shilingi ngapi Arusha. Tulipoingia Morioka nilikuwa nimemweleza habari ya kifuniko mara kadhaa, na hakuna hata mara moja aliyoisikia.

Mji wenyewe ni mtulivu, una mito, na mwaka 2023 gazeti la New York Times liliuweka katika nafasi ya pili, nyuma ya London, kwenye orodha yake ya mahali pa kutembelea. Nilimwonyesha Mjomba mlima Iwate, wenye urefu wa mita 2,038, ambao wenyeji wanaufananisha na Fuji. Aliutazama kwa makini, mikono ikiwa nyuma, kama ilivyo desturi ya watu waliozaliwa chini ya Kilimanjaro. “Mzuri,” alisema. “Ukikua utapendeza.”

Chakula kilichotupeleka kinaitwa wanko soba. Soba ni tambi za kijivujivu zitokanazo na mbegu nyeusi zenye pembe tatu, ambazo hazina undugu wowote na ngano, na mmea wake hukubali udongo hafifu na kuvunwa kabla ya miezi mitatu kwisha. Katika mkoa wa Iwate, ambako baridi iliharibu mpunga mara nyingi katika karne zilizopita, soba ilikuwa akiba ya watu. Palipokuwa na shughuli yenye wageni wengi, chungu hakikuweza kuchemsha tambi za kuwatosha wote kwa mpigo, na tambi zikisubiri huvimba na kupoteza ladha. Basi kila mgeni alipewa tonge moja katika kibakuli kidogo ili wote waonje mapema, kisha wenyeji wakaendelea kuzunguka na kuongeza, kuongeza, kuongeza. Kumwongezea mgeni kabla hajaomba ilikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Migahawa ya Morioka na ya mji jirani wa Hanamaki imeihifadhi heshima hiyo, na Hanamaki hata hufanya mashindano ya kula wanko soba tangu mwaka 1957. Mhudumu husimama karibu nawe, na kila unapomeza anakumwagia tonge jingine huku akiimba “hai, dondon! hai, janjan!” Haachi ukisema umeshiba. Haachi ukimwinamia. Anaacha pale tu unapolimaliza lililomo na kulifunika bakuli kwa kifuniko chake kabla mkono wake haujakuwahi.

Sasa, Mjomba amelelewa kuamini kwamba mtu anayekupakulia chakula hazuiwi kwa ukali. Unabakiza kidogo, unashukuru, unausifu upishi, na mwenye nyumba anaelewa. Ukimfunikia chombo usoni, kwetu hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa wazee.

Tulivua viatu, tukaketi juu ya mikeka, tukavishwa aproni, ambayo kwa Mjomba haikufika hata nusu ya kaunda suti yake. Kila mmoja aliwekewa bakuli la mbao lililong’arishwa kwa rangi nyekundu, pamoja na kifuniko chake, na kando yake visahani vya kitoweo: achari, mwani, uyoga, figili iliyokunwa, vitunguu vya majani, na vipande vya jodari mbichi. Mjomba alivitazama vile vipande vya jodari, navyo kwa hali yao vilionekana kumtazama yeye. Hakutaka kumuudhi mwenyeji kwa kuviacha kwenye kisahani, na wala hakukusudia kuvila, hivyo nilipokuwa nafunga kamba za aproni yangu akavihamishia juu ya chombo kilichokuwa tupu, akakisogeza nyuma ya kikombe cha chai. Chombo hicho kilikuwa kifuniko.

Mhudumu wake alikuwa mama wa makamo, mfupi, mchangamfu, mwenye mkono mwepesi ajabu. Mwanzoni mapenzi yalikuwa makubwa. Mjomba alimeza, akatabasamu, akamwinamia. Mama naye akamimina, akatabasamu, akamwinamia. Mabakuli matupu yalipangwa mbele yetu ili yahesabike, na kwa hesabu ya pale, mabakuli 15 ni sawa na sahani moja ya kawaida ya mtu mzima. Wateja wengi huishia kati ya 30 na 60. Mimi nilifunika langu mapema kabisa, kwa kuwa sina heshima kiasi hicho, nikabaki kuwa mtazamaji na mkalimani.

Safu ya kwanza ya mabakuli ilipofika usawa wa kidevu chake, Mjomba alitumia mbinu ya nyumbani: alibakiza tambi mbili tatu, akaweka vijiti chini, akasema kwa Kiswahili kizito cha kikao cha ukoo, “Mama, tumekula, tumeshiba, Mungu akubariki.” Nilitafsiri. Mama alifurahi mno, akajibu kwamba hapo maneno hayahesabiwi, na kwamba bakuli lisilomalizika halifunikiki. Nilitafsiri hilo pia. Mjomba, kwa adabu, alimaliza zile tambi mbili tatu, na kabla hajainua uso alikuta tonge jipya limetua. Alijaribu kuziba bakuli kwa kiganja. Tonge lilipita juu ya vidole, likatelezea kwenye mkono wa suti. Alijaribu kuliinua bakuli na kulificha begani. Mama alinyanyuka kwa magoti na kulifikia huko huko, akiimba.

“Mpwa wangu,” Mjomba alisema bila kugeuza shingo, “huyu mama hana watoto nyumbani wa kulisha?”

“Kifuniko, Mjomba! Funika!”

“Kipi?”

Nilimwonyesha. Alikigundua nyuma ya kikombe, kikiwa kimebeba jodari wote, na nikaona usoni mwake mtu anayeelewa kwa mara ya kwanza mkataba alioutia sahihi. Kwa haraka alikipindua kifuniko juu ya bakuli na jodari ndani yake, akakandamiza kwa mikono miwili. Jirani zetu wawili walipiga makofi. Mama alikifunua kwa upole, akachungulia, akatikisa kichwa: bakuli lazima liwe tupu. Humo ndani sasa mlikuwa na tambi, mchuzi na samaki mbichi. Mjomba alifumba macho. Nilimwona akila jodari wale mmoja mmoja, mtu ambaye nyumbani hurudisha nyama jikoni ikiwa haijakauka kingo, na kila alipomeza kipande mama alimshangilia kwa sauti iliyowafanya watu wa vyumba vya pili waje kuchungulia.

Kifuniko kilikuwa huru, lakini mkono wa Mjomba ulikuwa umechelewa. Kila alipokinyanyua, tonge lilikuwa limeshatua. Mabakuli yalivuka 90. Jasho lilimtoka. Hapo ndipo alipotulia ghafla, akaacha kumtazama mama na kuanza kuitazama sinia yake.

Ieleweke kwamba mjomba wangu anaishi kwa minada. Katika minada ya magari ya Japani gari moja huuzwa kwa sekunde chache, na anayebonyeza kitufe kabla au baada ya wakati hurudi Moshi mikono mitupu. Aliona kile ambacho mimi sikukiona: sinia ya mama hubeba idadi maalumu ya vibakuli, na kinapokwisha cha mwisho, ni lazima ageuke kuchukua sinia nyingine. Akala kwa utulivu, tonge baada ya tonge, macho kwenye sinia. Cha mwisho kilipomiminwa alikimeza bila kutafuna, na mama alipogeuza bega tu, Mjomba alipiga kifuniko kwa kishindo kilichosikika, nadhani, hadi Hanamaki.

Alikuwa amevuka 100. Kwa idadi hiyo mgahawa ule humpa mteja kibao cha mbao chenye maandishi makubwa ya wino mweusi yanayoshuhudia jambo hilo, na mama alimkabidhi kwa mikono miwili, wakainamiana kwa muda mrefu, ingawa Mjomba alihitaji msaada wangu kurudi juu. Katika treni alisafiri akiwa ameegemea nyuma, hakutambua gari hata moja, na alipotaka kalamu ajaze fomu ya hotelini, mfuko wa kaunda suti ulitoa kwanza kalamu, kisha tambi.

Kibao kile sasa kimetundikwa ofisini kwake Moshi, juu ya meza, kati ya leseni ya biashara na kalenda. Wateja wake hawasomi Kijapani. Wakikitazama huuliza kama ni cheti alichopewa huko Japani, naye hujibu kwamba ndiyo, alikipata Japani, kwa shida sana, na hawapewi watu wote. Tangu hapo, ananiambia kwenye simu, watu wamepunguza kubishania bei.